Wembe na Wasia: Kuonya na Kukanya katika Utendi wa Mwana Kupona na Rosa Mistika

Mtoto akililia wembe mpe. Methali hii ni fupi kuliko uzito wa jambo lililomo ndani yake, na ufupi huo si wa bure. Methali nyingi za Kiswahili zina pande mbili kama mizani. Upande mmoja hutaja tendo, wa pili hutaja matokeo yake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Hii ya wembe hutaja kilio, hutoa amri, kisha hunyamaza. Damu haitajwi. Msikilizaji ndiye aionaye, na kwa kuwa ameiona mwenyewe, methali imekwisha kumtendea yeye lile inalomwagiza amtendee mtoto.

Wafasiri wa methali aghalabu huieleza kwa maneno machache: mkaidi aachwe apate maumivu, maana maumivu ndiyo mwalimu wake. Maelezo hayo si makosa, ila yamepita upesi mno juu ya maneno mawili. La kwanza ni wembe wenyewe. Wembe si nyoka aliyeingia kutoka porini. Ni chombo cha nyumbani. Mtoto wa pwani hunyolewa nywele zake za kwanza angali mchanga, na mtoto wa kiume hukutana tena na makali siku ya jando. Basi mtoto wa methali anakililia kitu ambacho kimekwisha kumgusa kwa mkono wa mtu mzima, na ambacho siku moja atakishika kwa mkono wake mwenyewe. Analilia ukubwa kabla ya wakati wake. La pili ni neno mpe. Methali haikusema mwache autwae. Kupa ni tendo la watu wawili, na mpaji yupo, amekaa karibu, macho yake yako juu ya mkono wa mtoto. Baina ya kumpa mtoto wembe na kumwacha mtoto na wembe kuna umbali mkubwa, na hukumu nyingi zilizotolewa juu ya methali hii, za sifa na za lawama, zimeusahau umbali huo.

Hii iliyotajwa ya guu nayo yafaa kutazamwa upya. Husomwa kama kitisho cha wazee. Lakini anayevunja guu ni nani? Si mkuu. Kitenzi huvunjika hakina mtendaji. Guu limevunjika lenyewe, njiani, mbali na mkuu, ambaye alisema neno lake kisha akamwacha msafiri aende. Na ile ya asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu imetumia kitenzi kimoja kwa walimu wawili. Mama hufunza, ulimwengu hufunza. Methali haikusema kwamba ulimwengu huua wala kwamba huharibu. Iliuamini ulimwengu kuwa ni mwalimu, mkali bila shaka, lakini mwenye somo na mwenye nia ya kufundisha. Imani hiyo ni kubwa, na itabidi kuirudia mbele.

Lugha yenyewe imeweka maneno mawili kwa kazi ya mlezi mbele ya hatari, nayo ni kuonya na kukanya. Katika mazungumzo ya kila siku hutajwa pamoja kama pacha, na watu wengi hawaoni tofauti. Ila sarufi inaijua. Kuonya kumetokana na kuona, kwa njia ile ile ambayo kuponya kumetokana na kupona: ni kumfanya mtu aone. Kukanya nako kumejengwa juu ya kukana: ni kumfanya mtu akatae. Anayeonya huongeza kitu katika macho ya mtoto. Anayekanya huondoa kitu mikononi mwake. Mlezi anahitaji yote mawili, na hakuna nyumba iliyoendeshwa kwa moja tu. Lakini swali la zamani, kama mtoto akingwe na hatari au aachiwe aionje, hubadilika sura likipitishwa katika maneno haya. Haliwi tena swali la kufunga mlango au kufungua. Linakuwa swali la nini alichoonyeshwa mtoto kabla mlango haujafunguliwa, kwa kuwa siku moja utafunguliwa, mlezi apende asipende.

Tungo mbili zaweza kupimwa kwa kipimo hiki. Zimetengana kwa miaka zaidi ya mia moja, kwa dini, kwa lahaja na kwa umbo. Zote mbili zahusu binti mmoja na mzazi mmoja.

Ya kwanza ni utendi alioutunga Mwana Kupona mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Mtungaji alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyeshindana na nguvu ya Sultani wa Unguja. Alikuwa mgonjwa alipotunga, na alifariki karibu na mwaka 1860. Binti alikuwa msichana wa umri wa kuolewa. Mambo haya yajulikana na kila aliyesoma chapa ya mwaka 1934 ya Alice Werner na William Hichens, na yametajwa mara nyingi kama dibaji tu ya kupitia kabla ya kuingia katika utendi. Lakini ndani yake mna sababu ya utendi mzima. Mama anajua kuwa hatakuwapo. Hawezi kumlinda binti kwa mwili wake, wala kwa kuta za nyumba yake, wala kwa jina la mumewe aliyekwisha kufa. Analo neno tu.

Kwa hiyo mwanzo wa utendi ni wito: binti aje karibu na wino na karatasi. Mama hasemi peke yake hewani. Binti ndiye mwenye kalamu. Kisha anauita wasia wake hirizi, anauita kidani cha lulu na marijani. Vitu hivi viwili vina sifa moja ambayo wasomaji hawajaizingatia sana. Hirizi na kidani ni kinga zinazovaliwa. Zinakwenda aendako mvaaji. Hazimzuii kutoka, hutoka naye. Mama mwenye kufa amechagua namna ya ulinzi isiyohitaji mlinzi kuwapo.

Hapana haja ya kuficha kuwa yaliyomo katika wasia huo ni makali. Mwana Kupona anamtajia binti watano ambao radhi zao ni lazima, nao ni Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Anampa adabu za kukaa na mume, za kumwamsha, za kumlisha, za kutotoka pasipo idhini na kutokawia arudipo. Hizo ni desturi za waungwana wa miji ya kaskazini wakati ule, ambao wake zao walikaa utawani. Anayesoma utendi leo akitafuta ruhusa ya msichana kwenda ulimwenguni na kujaribu mambo hataipata, na wanaoulaumu utendi kwa sababu hiyo wana haki yao. Lakini lawama hiyo ni ya yaliyoagizwa. Namna ya kuagiza ni jambo jingine. Mama haishii kwenye amri. Anaeleza namna ya kutenda, hatua kwa hatua, mpaka msomaji aione nyumba, aone mume amelala, aone mke amekaa karibu naye. Tena anauleta ushahidi wa ndoa yake mwenyewe, anamweleza binti jinsi alivyoishi na baba yake. Hapo ndipo kukanya kunapogeuka kuonya. Binti amepewa macho ya mtu aliyekwisha kupita njia ile. Hata kama siku moja atataka kuyakataa baadhi ya maagizo, atakuwa anakataa kitu alichokiona.

Shaaban Robert aliifuata njia hiyo hiyo katika tenzi zake za Hati na Adili, zilizomo katika kitabu cha maisha yake, moja kwa binti na moja kwa mwana. Naye alikuwa mzazi aliyefiwa na mke, mwenye kujua jinsi nyumba inavyoweza kupungukiwa ghafula. Inatosha kutaja kwamba utanzu huu wa wasia una watu wengi, na kwamba karibu kila mara mwenye kuusia yu ukingoni mwa safari au yu ukingoni mwa kaburi. Wasia ni ulinzi unaoukiri mwisho wake.

Kinyume chake kimo katika riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, iliyotolewa na East African Literature Bureau mwaka 1971, mtungaji akiwa kijana wa miaka 27. Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe mwaka 1944 na kufariki Dar es Salaam mwaka 2020, aliiweka hadithi yake katika kijiji chake mwenyewe. Zakaria ni baba mlevi. Regina ni mama mvumilivu na mchapa kazi, ambaye nguvu zake zote zimekwenda katika kuilisha nyumba na kustahimili mume. Rosa ni binti yao wa kwanza. Zakaria amejiwekea wajibu mmoja tu wa ubaba, nao ni kumlinda Rosa asizungumze na wavulana. Hapa Kiswahili chenyewe kina kejeli yake, ijapokuwa haijulikani kama mtungaji aliikusudia: kati ya mlezi na mlevi kuna sauti moja tu.

Mvulana aitwaye Charles anamwandikia Rosa barua. Barua inagunduliwa, na Zakaria anampiga binti yake kwa ukatili na kumwaibisha. Mara nyingi wasomaji huhesabu mapigo. La kutazamwa zaidi ni kile kisichofanyika. Barua ilikuwa nafasi. Ndani yake mlikuwa na maneno ya mvulana, na mzazi angeweza kuyasoma pamoja na binti yake na kumwonyesha lipi ni la kweli na lipi ni la kupamba. Huo ulikuwa wembe mdogo, wa nyumbani, na mkono wa mzazi ulikuwa karibu. Zakaria anaunyakua na kuuvunja. Baada ya siku hiyo Rosa anajua jambo moja juu ya wavulana, kwamba wanaleta fimbo. Amekanywa asionywe.

Anakwenda shule ya sekondari ya wasichana akiwa na hofu hiyo badala ya maarifa. Kwa muda hofu inamlinda. Hili Kezilahabi ameliona vizuri, kwa kuwa hofu kweli hulinda, na mzazi atumiaye hofu hudanganyika kwa sababu hiyo. Lakini hofu hukaa pale alipo mwenye kuogopwa. Kwa umbali wa maji ya ziwa, na kwa dhihaka za wenzake, inaanza kulika, na chini yake hamna kitu. Akifika chuo cha ualimu Morogoro, Rosa anaingia katika maisha ambayo baba yake aliyatabiri na kuyatengeneza kwa pamoja. Anatoa mimba. Jina lake linachafuka. Anapojaribu mwishoni kuyaanza maisha upya, na Charles yule yule wa barua akiwa mchumba wake, yaliyopita yanajulikana, Charles anamwacha, naye Rosa anajiua.

Jibu la darasani juu ya riwaya hii limezoeleka: Zakaria alimbana mno binti yake, kwa hiyo binti aliharibika, mtoto apewe uhuru. Jibu hilo lina nusu ya ukweli, na nusu hiyo imeificha ile nyingine. Kama riwaya ingekuwa hoja ya kuwaachia watoto wajifunze kwa kuonja, basi Rosa angejifunza kitu. Hajifunzi, au anajifunza akiwa amechelewa na ulimwengu hautaki kusikia kuwa amejifunza. Katika methali, mvunjika guu hubaki hai, akachechemea, na kuchechemea kwake kukawa elimu. Kezilahabi hakumpa Rosa nafasi ya kuchechemea. Hili ni kosa la utungaji kwa upande mmoja, maana mtungaji ameharakisha maanguko ya msichana mpaka katika sehemu ya kati matukio yanafuatana kama hesabu iliyopangwa jibu kabla ya swali, na nafsi ya Rosa inapotea nyuma ya mambo anayotendewa. Msomaji anajua alichofanya. Mara chache anajua alichofikiri. Kwa upande mwingine ni uaminifu. Kezilahabi hakuamini kwamba ulimwengu ni mwalimu. Miaka minne baadaye, mwaka 1975, aliipa riwaya yake nyingine jina la Dunia Uwanja wa Fujo, na jina hilo ni jibu kamili kwa methali ya mamaye na ulimwengu. Mwalimu ana darasa. Uwanja wa fujo hauna.

Tena, ni nani waliomdhuru Rosa? Barua ya mvulana wa shule ndiyo iliyoamsha hasira ya Zakaria. Lakini baadaye miongoni mwa wanaomtumia binti yake wamo wanaume wenye vyeo, na hata mkuu wa chuo yumo, mtu ambaye kwa kazi yake alikabidhiwa watoto wa watu awatunze. Ulinzi wa Zakaria ulikuwa umelenga hatari ndogo. Alimkataza mtoto mwenzake na mtoto mwenzake, akamwacha mikono mitupu mbele ya mtu mzima mwenye ofisi. Kasoro hii si ya mlevi mmoja wa kubuniwa. Huonekana katika nyumba nyingi zenye heshima, ambamo binti hufundishwa kuwaogopa vijana wa mtaani na kuwatii wakubwa wote bila kubagua. Rosa alipaswa kuonyeshwa sura ya mwenye cheo anayevunja amana. Nani angemwonyesha? Nyumbani mwao mwenye cheo alikuwa baba, naye alikuwa wa kwanza kuivunja.

Hata jina la kitabu linauma zaidi likisomwa hivi. Rosa Mistika ni jina katika litania ya Bikira Maria. Msichana amepewa jina la usafi kabla hajawa na matendo, akalindwa kwa ajili ya jina hilo, na mwishoni akahukumiwa kwa jina hilo hilo na Charles, ambaye naye hataki kujua alipopita mchumba wake wala alichokiona huko. Baba na mchumba wanashirikiana pasipo kujua. Wote wawili wanataka binti asiye na habari.

Linaloifanya riwaya hii kuwa jambo kubwa zaidi ya hadithi yake ni yaliyoipata ilipotoka. Kwa muda ilizuiwa katika shule za Tanzania, kwa kuwa ilisema waziwazi mambo ya wanaume na wanawake ambayo vitabu vya Kiswahili vilivyotangulia vilikuwa vikiyafunika. Wazuiaji walikuwa na nia njema, na hofu yao haikuwa upuuzi. Kitabu kinapotiwa mikononi mwa mtoto wa miaka kumi na minne bila neno, chaweza kusomwa kwa ajili ya kurasa tatu tu. Lakini tendo lao lilikuwa lile la Zakaria na barua. Waliona maandishi yenye hatari mikononi mwa kijana, wakayanyakua, na walichokisema hakikuzidi neno la kukataza. Vijana waliendelea kuishi katika miji na shule na vyuo ambamo mambo yaliyoandikwa na Kezilahabi yalikuwa yakitendeka, ila sasa bila kitabu. Utendi wa Mwana Kupona haukupata kamwe kuzuiwa kwa kuharibu watoto, ingawa nao umejaa habari za chumbani na unamweleza msichana waziwazi namna ya kuishi na mwanamume. Tofauti ni kwamba mama alikuwa amekaa hapo, kalamu ikiandika.

Zuio liliondolewa, na Rosa Mistika ikaja kusomwa darasani. Hivyo wembe umetolewa. Inabaki namna ya kuutoa, na hapa mambo si mepesi kama yanavyodhaniwa. Wako walimu ambao wamekipokea kitabu na kukigeuza wembe wa mti. Mwanafunzi anaulizwa ataje sababu tano zilizomharibu Rosa, naye anazitaja kwa mpango: ulevi wa baba, ukali wa malezi, marafiki wabaya, tamaa ya fedha, maisha ya mjini. Anapata alama zake. Kila sababu ni ya mtu mwingine, katika kijiji cha zamani, na hakuna hata moja iliyomtaka aitazame barua yenyewe, mkono ulioiandika, na mkono wa mkuu wa chuo uliokuja baadaye bila barua yo yote.